Alama Iliyo Chini ya Kifuniko cha Saa Yako

Bunia, mtaa wa Bigo, Jumanne tarehe 16 Julai 2002. Asubuhi ukungu mzito. Sikuona bati la nyumba ya jirani mpaka saa mbili na nusu. Baadaye jua, bila upepo.

Neema mwanangu,

Nimeanza na ukungu kwa sababu ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu, na mkono umezoea.

Mambo ya mashuka, sabuni, na nani atakupokea Beni kabla hujaendelea Butembo, tumeyasema mara tatu, na shangazi yako atayarudia kesho uwanjani hata ukimwomba anyamaze. Sitayaandika. Naandika juu ya saa ya mkono iliyo hapa mezani, ile niliyokununulia jana. Kesho wenye bunduki pale uwanja wa ndege watakushika mkono na kuitazama. Huko shule ya uuguzi utahesabu nayo mapigo ya moyo ya wagonjwa. Na ndani yake, chini ya kifuniko cha nyuma, kuna mkwaruzo mdogo. Huenda ni habari kwamba mtu niliyemponza yuko hai. Huenda pia ni uongo uliochorwa makusudi ili niinunue. Nimeutazama mkwaruzo huo tangu jana na bado sijajua. Atakayejua ni wewe.

Sitaandika makabila humu. Karatasi hii ikipita mikononi mwa mtu mwingine, isimpe kitu. Tangu vita vianze katika mji huu jina la ukoo linatosha kukuweka upande huu au ule, na upande unatosha kukuua. Upande wetu unaujua. Wa Fundi Pascal, yule fundi saa, unaujua pia.

Nianze na saa ya babu yako, maana najua uliumia nilipokataa kukupa. Ulidhani nakunyima. Saa ile ina mshale wa sekunde mdogo kama ukucha wa kifaranga, uko peke yake kwenye kiduara pale chini, na kuhesabu nao mapigo ni taabu. Karatasi ya shule inataka mshale wa sekunde mrefu unaozunguka uso wote, trotteuse kama walivyoandika. Lakini hiyo siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba nyuma ya saa ile babu yako alichonga jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, kwa majivuno ya karani wa kahawa wa kule Fataki aliyenunua saa ya Uswisi kwa mshahara wake mwenyewe. Wakati ule jina nyuma ya saa lilikuwa ulinzi dhidi ya wezi. Leo ni hukumu uliyojifunga mkononi.

Na zile za betri za dukani unazijua. Hazimalizi miezi miwili, na tangu barabara zifungwe betri haziji. Ndiyo maana nikaenda kutafuta saa ya zamani ya kutia ufunguo.

Nilimwendea Papa Musa pale marché, sokoni. Unamjua kwa uso: yule mzee wa Kiislamu aliyechimba dhahabu kule juu machimboni miaka mingi mpaka mgongo ukakataa, sasa anauza vitu vilivyotumika, pasi, redio, miwani ya wafu. Akanitolea saa mbili. Zilifanana kama mapacha. Uso wa rangi ya maziwa yaliyolala, namba za dhahabu, mshale mrefu wa sekunde, jina lile lile la kiwanda. Mtu mwingine angechukua iliyong'aa akaenda zake. Mimi nilikaa chini.

"Mama Neema," akaniambia baada ya muda, "weye unaangalia hizi saa sawa vile docteur anaangalia maiti."

"Maiti haimdanganyi daktari," nikamjibu.

"Sasa hizi zimekudanganya nini? Ziko zinatembea. Unataka ziimbe pia?"

Vijana waliokuwa wakiuza sigara karibu wakacheka. Mimi niliendelea. Nilikuwa na kioo cha kukuzia, kile cha kusomea cha babu yako, na nakueleza nilichotazama ili siku moja ujinunulie mwenyewe bila mimi.

Ya kwanza, iliyong'aa, ilikuwa na mishale yenye rangi ile inayowaka gizani, kijani safi. Lakini nukta za rangi hiyo hiyo pembeni mwa namba zilikuwa zimegeuka kahawia kama chai. Mishale na uso havikuzeeka pamoja. Mishale ilitoka saa nyingine. Ya pili ilikuwa na kioo kilichokwaruzika mpaka namba tisa inasomeka kwa shida, na kitufe cha ufunguo kimelika meno, ila kila kitu chake kilikuwa kimechakaa kwa kiasi kimoja. Kahawia ya mishale ilikuwa kahawia ya nukta.

Nikazigeuza. Nyuma ya ile ya pili palikuwa wazi tangu kiwandani, pana mikwaruzo tu ya kuvaliwa. Nyuma ya ile inayong'aa palikuwa laini kupita kiasi. Palipigwa msasa. Nilipitisha ukucha nikahisi mabonde.

"Hapa palikuwa na jina," nikasema.

"Palikuwa," Papa Musa akasema. "Nani anataka kuvaa jina ya mutu mwingine?"

"Nani alilifuta?"

"Mama, miye sikuiba. Watu wanaleta, miye nauzisha. Hiyo jina haiko tena. Iko saa tu."

Pia mishale yake ilikuwa mbele kwa saa nzima. Alisema mtu aliyeileta aliipanga kwa saa ya Kampala. Huenda ni kweli. Wafanyabiashara wanaokwenda huko hufanya hivyo, na wanajeshi wa huko pia, hata wakiwa wamesimama katikati ya mji wetu. Hakuniambia alikuwa yupi kati ya hao, na sikuuliza, maana vijana wa sigara walikuwa wameacha kucheka na kuanza kusikiliza.

Nikamwomba nikae nazo zote mbili nyumbani mpaka Jumatatu. Nikamwachia vitenge vyangu viwili vya wax, vile ambavyo havijakatwa, kama rehani. Akavikagua uzi kwa uzi, akavinusa, akaviinua kwenye jua.

"Na miye naangalia maiti yangu," akasema.

Kuanzia Jumamosi mchana nilizitia ufunguo pamoja, nikazilaza chali, kisha kifudifudi, kisha kwa ubavu, na kila adhuhuri nilizilinganisha na redio ya Mama Charité jirani yetu. Yote nimeyaandika. Ile iliyong'aa ilichelewa sekunde ishirini tu kwa siku. Hii yako inachelewa dakika mbili. Naam, nilikununulia iliyo mbaya zaidi kwa mwendo, na utairekebisha kila asubuhi. Dakika mbili katika siku nzima haziharibu dakika moja ya mapigo ya moyo.

Niliikataa ile nzuri Jumapili baada ya misa. Niliweka karatasi nyembamba juu ya ule mgongo wa msasa, nikasugua kwa penseli kama nilivyowaona wanafunzi wakifanya na sarafu siku zile nilipokuwa karani wa shule. Zikatokea herufi tatu. Haikuwa jina zima, lakini herufi tatu za mwanzo wa jina la ukoo zinatosha hapa kwetu. Zilikuwa za upande wetu, Neema. Nilikaa na karatasi ile nikifikiri: ikiwa mimi mwanamke mwenye penseli nimesoma, askari kizuizini atashindwa? Na akishindwa, je, mtoto wa mwenye saa? Butembo imejaa wakimbizi wa huku. Mtu aliyefiwa huitambua saa ya baba yake kabla hajamtambua aliyeivaa. Sikutaka usimame mbele ya mtu kama huyo ukiwa umeshika mkono wa mgonjwa.

Nikaichoma karatasi. Hata kwenye daftari sikuziandika herufi hizo.

Ukiulizwa kesho, sema ukweli wote, nao ni mfupi: mama aliinunua marché ya Bunia kwa ajili ya shule. Usiifiche chini ya mkono wa sweta. Wanaposhuku wanatafuta kilichofichwa, najua, kwa sababu mimi pia hutafuta hivyo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo lingeweza kuandikwa peke yake, na saa isingehitajika.

Unakumbuka mwaka jana uliniuliza, "Mama, fundi saa yuko wapi?" na mimi nikakujibu, "Amehama." Ulikuwa unapita pale kila siku ukitoka shule, kwenye meza yake yenye sanduku la kioo na mwavuli wa kijani, na alikuwa akikuonyesha magurudumu kupitia kile kioo anachobana jichoni. Nilikujibu bila kuinua kichwa, nilikuwa nachambua maharage. Hakuhama. Nakuandikia nilivyokuwa nimeandika daftarini, na kile ambacho sikuandika.

Alhamisi tarehe 17 Mei 2001 nilikwenda kuchukua saa ya babu yako kwa Fundi Pascal. Nilikuwa nimempelekea kwa sababu ilianza kusimama. Unajua nilivyo: kabla ya kumpa niliandika alama zote za nje, mkwaruzo karibu na namba nne, tundu la tatu la mkanda lililopanuka. Kitu kimoja sikukiandika kwa sababu sikuwahi kufungua ndani. Babu yako maisha yake yote alisema saa yake ni ya mawe kumi na saba. Ni yale mawe madogo mekundu ndani ya mashine ambayo ncha za magurudumu huzungukia. Kiwanda kile kilitoa aina mbili zenye uso mmoja na umbo moja: moja ya mawe kumi na tano, moja ya kumi na saba. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Alikuwa akisema "dix-sept" mezani mbele ya wageni jinsi wengine wanavyotaja ng'ombe wao.

Fundi akanirudishia saa. Uso ulionekana mweupe kuliko nilivyouzoea. Nikashtuka. Nikamwambia afungue nyuma mbele yangu. Akafungua, akanipa kile kioo chake, nikasoma kwenye mashine, kwa herufi za kiwanda: kumi na tano.

"Umenibadilishia mashine," nikasema.

"Mama, nimesafisha, nimeweka kioo mupya, ndiyo maana uso iko inaangaza. Mashine iko ile ile. Angalia, hata alama yangu nimeweka leo."

Akanionyesha, ndani ya kifuniko, mkwaruzo wa sindano: P, mstari mdogo chini yake, kisha 5-01. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote wa saa, kila mmoja huandika ndani alama yake na mwezi aliotengeneza, ili saa ikirudi ajue ni mkono wake. Mimi nikaona ni ujanja wa mwizi anayetia sahihi.

"Baba yangu alinunua dix-sept."

Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo hata yeye alikuwa amechoka. Alitabasamu kidogo akasema, "Basi muzee alinunua maneno, Mama. Kumi na saba haijakuwamo humu hata siku moja."

Mkononi nilikuwa na saa. Machoni mwangu alikuwa amemwita baba yangu marehemu mwongo. Na alikuwa wa upande ule, na wiki hiyo tulikuwa tumezika watu wawili wa Fataki tuliowajua. Nilisema kwa sauti ambayo mtu wa ng'ambo ya barabara aliisikia:

"Nyinyi watu ndivyo mlivyo."

Palikuwa na vijana watatu wamekaa juu ya pikipiki, wa upande wetu, wale ambao siku hizo walikuwa hawana kazi ila kukaa. Mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa, kama anayetaka kunibebea mzigo:

"Mama, amekuiba? Tuachie siye."

Neema, sikusema ndiyo. Nimejishikiza kwenye hilo mwaka mzima, kwamba sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana pia. Nilivaa saa ya babu yako, nikafunga mkanda kwenye tundu la tatu, nikaenda nyumbani. Nilimsikia fundi nyuma yangu akiwaambia vijana, "Habari zenu," na hakuna aliyemjibu.

Jumapili tarehe 20 Mei nimeandika hivi: "Mvua asubuhi, imekatika saa nne. Kuku mweupe ametaga. Meza ya fundi saa imechomwa." Nimefungua ukurasa huo leo. Kuku nimemtanguliza.

Watu walisimulia mengi. Wengine walisema alikimbia usiku ule na mkewe. Wengine walisema walimkamata, wakamwekea mikono juu ya meza yake mwenyewe na kuipiga kwa nyundo ndogo ya kazi yake. Wengine walisema hakufika mbali. Sikumuuliza mtu yeyote ni ipi ya kweli. Mimi ninayefungua migongo ya saa, hilo sikutaka kulifungua.

Mwezi wa nane mjomba wako alipokimbia kutoka Fataki alikuja na sanduku dogo la babu yako. Ndani ya kitabu cha katekisimu nikakuta karatasi ya garantii ya saa, imekunjwa mara nne, ina muhuri wa duka na saini ya babu yako. Imeandikwa kwa Kifaransa, kwa wino wa bluu: mawe kumi na tano. Alijua. Alitia saini. Huenda siku ile hakuwa na fedha za kutosha kwa ile nyingine, akaona uso ni ule ule, nani atafungua? Simlaumu sana. Uwongo wake ulikuwa wa kujipamba tu. Wangu ulikuwa na watu watatu nyuma yake juu ya pikipiki.

Hilo sijamwambia mtu. Hata padri nilimwambia nusu, nikasema nilimtuhumu mtu bure. Hakuuliza mtu gani, na mimi nikashukuru hakuuliza.

Basi jana, Jumatatu, nilirudi kwa Papa Musa na saa zote mbili. Nilikuwa nimeshaamua kuchukua hii. Nikasema, kabla ya kumaliza, afungue nyuma.

"Ukimaliza kufungua hiyo," akasema, "utafungua na miye?"

"Nikipata bisibisi ya kiasi chako."

Akacheka mpaka akakohoa, akafungua. Mashine ilikuwa safi, namba zake zinalingana. Ndani ya kifuniko kulikuwa na mikwaruzo ya mafundi watatu. Ya kwanza ya zamani sana, imefifia. Ya pili nambari tu. Ya tatu ilikuwa P, na mstari mdogo chini yake, na 3-02.

Machi mwaka huu. Miezi kumi baada ya meza kuchomwa.

Papa Musa akaniuliza kama nimeona ufa. Nikamuuliza saa hii ilitoka wapi. Akasema aliinunua kwa mchuuzi wa samaki wa chumvi anayetoka Butembo, na huyo aliipata huko huko. Nikamuuliza jina la mchuuzi. Akasema, "Mama, samaki tu ndiyo nilimuuliza majina." Nilimtazama usoni kwa muda mrefu. Hakuinamisha macho. Hilo pia halina maana. Mtu aliyeuza dhahabu kwenye makambi ya wachimbaji miaka ishirini anajua kutazamwa.

Nakuandikia shaka zangu zote ili usizigundue wewe upya.

Marché nzima inajua kisa changu na fundi. Papa Musa alikuwa na siku mbili za kujua nimependa saa ipi, lakini saa zenyewe nilikuwa nazo mimi siku hizo, kwa hiyo kama alichora alichora kabla, na kabla hakujua nitakuja. Isipokuwa alijua. Shangazi yako alimwambia kila mtu kwamba natafuta saa ya shule. Tena, mkwaruzo mpya hung'aa na wa zamani hufifia. Huu unang'aa kidogo, kama unavyopaswa kung'aa mkwaruzo wa miezi minne, na kama unavyoweza kung'aa wa wiki moja uliosuguliwa kwa kidole chenye mafuta.

Leo jioni, ulipokuwa ukiwaaga wenzako, nilifungua saa ya babu yako nikaweka vifuniko viwili bega kwa bega. P ni ile ile kwa umbo, na mstari wa chini uko mahali pale pale. Lakini kwenye ile ya Mei mwaka jana mistari imenyooka, mkono wa mtu anayeandika kila siku kwenye nafasi ndogo kuliko punje ya mtama. Kwenye hii yako P imelala upande mwingine, na sifuri haikufungwa. Imeachwa mdomo wazi. Mtu anayeiga huiga kwa uangalifu, na sifuri angeifunga. Nimekaa na jambo hilo. Nimechukua sindano mimi mwenyewe, nikajaribu kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, kwanza kwa mkono wa kulia, halafu kwa wa kushoto.

Kwa wa kushoto inalala hivyo hivyo.

Sitaki kuandika zaidi juu ya mkono wa kulia wa Fundi Pascal. Huenda si kitu. Huenda ni mwanafunzi wake, au Pascal mwingine, au Patrice, au Papa Musa na kiu yake ya kuuza. Nimeinunua hata hivyo. Kwa mara ya kwanza nimenunua kitu ambacho sikumaliza kukishuku.

Basi ninachokuomba ni hiki, na siyo amri. Saa hii inachelewa. Utakuwa na sababu ya kweli ya kwenda kwa fundi. Ukitulia shuleni, baada ya wiki mbili tatu, ulizia mafundi saa wa Butembo. Usiulizie kwa jina, wala usiulizie mtu wa huku. Nenda kama mteja. Mpe saa, simama pembeni asikose mwanga, umwache aifungue. Tazama mkono unaoshika bisibisi. Akifika kwenye kifuniko, tazama kama anasoma alama ile kama mtu anayesoma ya mwingine au kama anayesoma yake. Wewe huwezi kumsahau uso, lakini nimejifunza kwamba uso wa mtu hubadilika akipigwa, kwa hiyo usitegemee uso.

Kama siye, lipa kazi yake, rudi darasani, na uniandikie kwamba siye.

Kama ni yeye, mngojee amalize kazi. Kisha mwambie wewe ni mtoto wa nani, jina langu lote, bila kulipunguza. Anaweza kukufukuza. Anaweza kuitupa saa barabarani. Iache pale, tutatafuta nyingine. Anaweza kusema maneno juu yangu mbele ya watu, na wewe utakuwa umesimama peke yako katika mji wa watu. Nimelifikiria hilo zaidi ya yote, na ndiyo maana nasema siyo amri. Ukiona moyo umekataa, mpe saa, ichukue, nenda, na mimi sitakuuliza.

Lakini ukiweza, usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Msamaha ni wa kuombwa na mdomo uliokosa, na barabara zikifunguliwa nitakuja na mdomo wangu. Wewe mwambie neno moja tu, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, ila kwa sauti, hata kama wapo wateja wengine: Mama amesema ilikuwa kumi na tano tangu dukani.

Chochote atakachojibu, kiandike siku hiyo hiyo kama alivyokisema, usikilainishe, na unitumie.

Mama yako.

Nimefunga bahasha mara mbili na kuifungua mara mbili. Saa yako nimeitia ufunguo mizunguko kumi na nane mpaka ikakaza. Sasa nalala, ni saa nane na dakika arobaini za usiku.